Alama moja kati ya tano

Kwa miaka tisa nimekuwa mmoja wa walimu wanne wanaochagua wanafunzi wa darasa la juu. Kila sekondari yenye darasa la namna hii ina jina lake: kundi la vipaji maalumu, mkondo wa kasi, programu ya juu. Letu lina jina refu kwenye makaratasi, ila wanafunzi wanaliita "kwa maprofesa", na walio humo hujifanya wanaudhika wakiitwa hivyo.

Uchaguzi wenyewe haukuwa na makeke. Mwisho wa mwaka unaletewa fomu, unaandika majina sita kutoka darasa lako, na mbele ya kila jina sentensi mbili za kumpigia debe. Mimi ilinichukua dakika kumi, tena nimesimama. Nilijiona nawajua. Nani asiyemjua yule anayenyoosha mkono kabla swali halijaisha? Nani asiyelijua daftari lililopigwa mistari kwa rula, majibu yamezungushiwa wino wa rangi nyingine? Nikimaliza namkabidhi mwenyekiti wa kamati fomu yake, mwaka umefungwa.

Sasa Zena. Si jina lake, lakini nikiandika "mwanafunzi huyo" kila mara nitachoka mimi na utachoka wewe.

Zena alikaa dawati la pili kutoka nyuma, upande wa dirisha. Alama zake zilicheza kati ya 55 na 70. Kazi ya nyumbani alileta akikumbuka, na akikumbuka alileta nusu. Nikimuuliza swali alinyamaza mpaka wenzake waanze kuguna, kisha alijibu, mara nyingi sawasawa, kwa sauti ya mtu anayezungumza na kola ya shati lake. Kwenye ripoti yake niliandika "Ana uwezo, aongeze bidii." Nakumbuka kwa sababu niliwaandikia hivyo hivyo wengine 14.

Mwaka juzi nikatoa jaribio. Swali la nne lilikuwa hili: mashindano ya mtoano yana timu 97, timu ikifungwa inatoka, timu zikibaki idadi witiri, moja inapita raundi hiyo bila kucheza. Zitachezwa mechi ngapi mpaka bingwa apatikane?

Nilikuwa nimewafundisha kupanga jedwali. Raundi ya kwanza mechi 48, zinabaki timu 49. Raundi ya pili mechi 24, zinabaki 25. Halafu 12, halafu 6, halafu 3, halafu 2, halafu fainali. Jumlisha. Wengi walijaza nusu ukurasa, na zaidi ya nusu yao wakateleza mahali fulani, kwa kawaida pale kwenye timu inayopita bure. Zena aliandika mstari mmoja: "96. Kila mechi inatoa timu moja, na lazima zitoke 96."

Nikampa alama moja kati ya tano. Pembeni, kwa wino mwekundu, nikaandika: "Onyesha njia."

Mwalimu wa fizikia ndiye aliyeniokoa, kama hilo ni neno lake. Aliazima rundo la karatasi zangu aone wanafunzi wanavyosumbuka na hesabu, akarudi ameshika moja akicheka. "Huyu nani? Na wewe ulikuwa unasahihisha umelala?" Nikaisoma tena. Njia ilikuwa pale, nzima, bora kuliko ile niliyofundisha mimi, kwa sababu haijali timu ni 97 au 9,700. Nilikuwa nimetafuta jedwali, na kwa kuwa sikuliona jedwali sikuona kitu.

Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimeshapeleka majina yangu sita. Zena hakuwemo, bila shaka.

Nilianza kusoma usiku, kwa hasira ya mtu aliyejikamata mwenyewe, na nilichokuta hakikunifariji sana. Mwaka 1921 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuwatafuta watoto wenye akili kupita wenzao ili awafuatilie maisha yao yote. Na alianzia wapi? Kwa walimu. Walimu walitaja majina, waliotajwa wakapimwa, na mwishoni akapata zaidi ya watoto 1,500. Kati ya waliopimwa wakaachwa kwa sababu hawakufika kiwango walikuwemo William Shockley na Luis Alvarez. Shockley alipata Nobel ya fizikia mwaka 1956, Alvarez mwaka 1968. Wale waliochaguliwa walifanikiwa vizuri tu maishani, lakini Nobel hakuleta hata mmoja. (Terman, kwa njia, alikuwa akiwaandikia watoto wa utafiti wake barua za kuwafungulia milango vyuoni. Utafiti wa aina hiyo hata mimi ningeuweza.)

Hao walioachwa angalau walipimwa. Kilichoninyima usingizi ni wale ambao mwalimu hakuwataja kabisa. Huko Broward, Florida, utaratibu ulikuwa kama wetu: mwalimu au mzazi anamtaja mtoto, ndipo anapimwa. Mwaka 2005 wakaamua kuwapima watoto wote wa darasa la pili, kwa kipimo kisichotegemea maneno, bila kumsubiri mtu amtaje mtu. Wachumi David Card na Laura Giuliano wakachambua matokeo. Idadi ya watoto kutoka familia maskini, na ya watoto weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, waliofuzu kuingia programu ya vipaji iliongezeka sana. Watoto ni wale wale, mitaa ile ile. Walikuwa wamekaa madarasani muda wote, mbele ya watu kama mimi. Baadaye bajeti ilipobanwa na upimaji wa wote ukaachwa, mafanikio yale yakarudi nyuma.

Nikaipeleka hoja kwenye kamati. Sikueleweka mara moja. Mwenzetu mmoja, mtu ninayemheshimu, aliuliza kama nataka kufuta macho ya mwalimu na kuweka mashine ya kusahihisha. Nikamjibu kwamba macho ya mwalimu ndiyo hayo yaliyosoma jibu la Zena. Pakawa kimya kidogo. Tukakubaliana: wote wanafanya mtihani, ndipo majina ya walimu yanaongezwa juu yake, yasitumike kupunguza.

Tulipokwama ni kwenye mtihani wenyewe. Ule wa kawaida wa mwisho wa mwaka ulileta wanafunzi 22 wenye alama juu ya 90, na hao 22 ukiwatazama kwenye karatasi ni pacha. Dari ni fupi, kila mtu amegusa. Hili lilishafanyiwa kazi zamani na Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianza kuwapa watoto wa miaka 12 na 13 mtihani wa SAT, ule wa kuombea nafasi vyuoni Marekani, uliotungwa kwa vijana wa miaka 17. Ukiwapa mtihani uliowazidi umri, pacha wanaachana: mmoja anakwama mlangoni, mwingine anapita kama hakuna mlango. Terence Tao, ambaye sasa ni miongoni mwa wanahisabati wakubwa duniani, alipata 760 kati ya 800 kwenye sehemu ya hisabati akiwa na miaka 8. Mtihani wa darasa lake ungesema tu kwamba amepata zote.

Basi tukawapa wote karatasi ya watu waliowatangulia miaka miwili. Zena akawa wa tatu katika hisabati. Katika historia na lugha akawa pale pale alipokuwa siku zote, katikati, karibu na dirisha.

Tukamwingiza "kwa maprofesa", na mimi nikatembea wiki nzima kifua mbele.

Kufikia katikati ya muhula alikuwa anazama.

Hapa nakiri kosa la pili, ambalo sikulisoma kwenye kitabu chochote. Darasa letu ni kifurushi: ukiingia, unaingia kwa masomo yote. Sisi hatukuwa peke yetu katika hilo. Programu ya IB, diploma ya kimataifa ya sekondari iliyoanzishwa Geneva mwaka 1968, nayo imejengwa kama nyumba nzima: masomo sita, angalau matatu kati yake kwa ngazi ya juu, insha ya utafiti ya maneno hadi 4,000, juu yake nadharia ya maarifa na shughuli za nje ya darasa, yote kwa alama zisizozidi 45. Anayependa kila kitu huchanua humo, nimewaona. Masomo ya AP ya Marekani, yaani masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari, yana mpangilio mwingine: unaweza kuchukua kalkulasi peke yake, ukafanya mtihani wake mwezi Mei, ukapewa daraja kati ya 1 na 5, na mengine ukaendelea nayo kawaida. Mpangilio wa kwanza unasema kipaji ni cha mtu. Wa pili unasema kipaji ni cha mtu katika jambo fulani.

Zena alikuwa wa jambo fulani. Hisabati alimaliza dakika 15 za kwanza, kisha akakaa anasubiri. Historia alikesha nayo. Tena, niseme ukweli, nusu ya tulichokiita "kiwango cha juu" kilikuwa wingi tu: pale wengine wanapofanya mazoezi 10, maprofesa wanafanya 30. Aliyeelewa zoezi la tatu unamfanyisha la thelathini ili iweje? Siku moja nilimkuta ameacha ukurasa mzima wa mazoezi mweupe, chini yake ameandika kwa penseli, "Yote ni swali moja." Safari hii nilisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu nyekundu. Yalikuwa swali moja kweli.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu na ombi ambalo ratiba yetu haikuwa na nafasi yake: Zena arudi darasa lake la zamani kwa masomo yote, isipokuwa hisabati, ambayo aisome na wanafunzi waliomtangulia miaka miwili. Pingamizi ni lile la siku zote: atakuwa mpweke, wakubwa watamcheka, ataharibika kisaikolojia. Nilikuja na ripoti ya Chuo Kikuu cha Iowa ya mwaka 2004 iliyokusanya tafiti za miaka mingi na kuonyesha kwamba wanafunzi wanaosogezwa mbele kwa uangalifu, kwa kawaida hawaharibikiwi kijamii kama tunavyohofia. Mwalimu mkuu aliipindua kurasa, akaifunga. "Yeye mwenyewe anasemaje?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Wala mimi.

Aliitwa, akasimama mlangoni. Akasema, "Huko mbele kuna kiti karibu na dirisha?" Kipo.

Ratiba ilichukua wiki tatu kurekebishwa na bado inagongana na kipindi chake cha jiografia kila Alhamisi. Mwalimu wa jiografia hanisalimii vizuri. Wakubwa hawakumcheka. Siku mbili za kwanza walimshangaa, ya tatu wakaanza kumuuliza majibu, akawa anawapa pungufu makusudi ili wamalizie wenyewe, jambo ambalo limewaudhi kuliko kitu chochote.

Ile karatasi ya timu 97 ninayo kwenye droo. Wiki iliyopita alikuja kurudisha kitabu nikaitoa. Nilikuwa nimeshafuta ile 1, nimeweka 5 kwa wino wa bluu, na nilikuwa na maneno nimeyapanga ya kuomba radhi. Akaitazama kidogo.

"Ripoti ilishatoka, Mwalimu."

"Najua. Nilitaka tu uione."

Akaigeuza upande wa nyuma kama anayetafuta nafasi ya kuandika. "Na kama timu inatoka ikifungwa mara mbili?"

Nikapiga hesabu haraka, kwa njia yake, nikajisikia mjanja. "Mechi 192."

"Au 193," akasema, akaweka kitabu mezani. "Bingwa naye anaweza kuwa amefungwa mara moja."