Siku Nilipoiweka Hojaji Chini Kayole

Nilipoanza masomo ya uzamivu katika mawasiliano ya afya, nilipewa mashauri mawili ambayo hadi leo yananikera. La kwanza lilisema kwamba anayetaka kuandika kuhusu afya ya wakimbizi nchini Kenya sharti aende Dadaab, ambako kambi zilianzishwa mwaka 1991, au Kakuma, iliyoanza mwaka 1992, ilhali wakimbizi wengi wanaishi papa hapa Nairobi, Eastleigh, Kayole na Kasarani, wakilipa kodi ya nyumba kila mwezi. La pili lilikuwa baya zaidi: "Wakongomani wanazungumza Kiswahili, nawe umezaliwa Mombasa, mkalimani wa nini?" Hilo nililiamini, likanigharimu karibu mwaka mzima.

Baada ya kupata vibali, nilikwenda Kayole na hojaji ya PHQ-9, inayopima dalili za unyogovu, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili sanifu. Hojaji hiyo ina maswali tisa kuhusu majuma mawili yaliyopita, kila swali lina alama 0 hadi 3, na anayefikisha 10 kati ya 27 huhesabiwa kuwa anahitaji kuangaliwa kwa makini. Tulikaa katika ukumbi wa kanisa, akina mama kumi na wawili kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, na mimi, nikaanza kwa kueleza kwamba tutazungumza juu ya unyogovu. Mama mmoja aliuliza kwa upole kama ugonjwa huo unaenea kwa maji, kama kipindupindu. Ningesimama hapo. Sikusimama.

Nilipouliza kama wamekosa hamu ya kufanya mambo, mama wa pili alinijibu: "Mambo gani, dada? Kazi sina." Nilipofika kwenye swali la kukosa hamu ya kula, mwenzake akasema: "Hamu niko nayo, chakula ndio hakuna." Kuhusu usingizi, walinieleza kwamba hawalali mwisho wa mwezi kwa sababu mwenye nyumba hugonga mlango alfajiri. Mimi nilikuwa nikitia alama kwenye visanduku, nikijua kabisa kwamba ninachokiandika si kile ninachoambiwa. Mama aliyelia tangu swali la kwanza hadi la mwisho alijibu "hapana" kwa kila swali, na jumla yake ikawa sifuri. Baadaye nilielewa kwamba alinidhani ofisa anayeamua nani apelekwe nchi ya tatu, yaani ahamishwe Kenya akaishi kwingine, na aliogopa kwamba mgonjwa wa akili hatachukuliwa.

Nilirudi nyumbani na hojaji kumi na mbili ambazo sikuweza kuzitumia. Msimamizi wangu alinishauri niongeze idadi ya wahojiwa, nami nikakataa, kwa sababu swali lisiloeleweka haliponi kwa kuulizwa watu mia mbili.

Safari iliyofuata sikubeba karatasi. Nilinunua majani ya chai, sukari na mandazi, gharama ambayo pamoja na nauli ya matatu haikufika elfu mbili, nikawasimulia habari ya mama wa kubuni anayeketi mbele ya jiko hadi maji yanakauka kwenye sufuria, watoto wakimwita haitiki. Kisha niliwauliza swali moja tu: kama huyu ni jirani yako, utasema ana nini? Ukumbi ulichangamka. Walisema ana mawazo mingi. Walisema roho yake imechoka. Mmoja akasema jirani wa namna hiyo haulizwi kitu mlangoni, bali unaingia, unamsaidia kufua, na maneno yatakuja yenyewe mikono ikiwa majini. Yule mama wa sifuri ndiye aliyezungumza kwa muda mrefu kuliko wote, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba alikuwa akijisemea yeye mwenyewe. Tulipotoka, mama mwenye umri mkubwa alimshika mkono, na juma lililofuata wakaenda zahanati pamoja.

Kutokana na mazungumzo hayo tulitunga ujumbe mfupi wa sauti, akina mama wenyewe wakiusema kwa Kiswahili chao, nao wakausambaza kwa WhatsApp. Mabango niliyokuwa nimechapisha awali, yenye neno "unyogovu" kwa herufi kubwa, niliyaondoa yote. Ukifanya kazi hii, tafuta kwanza neno ambalo watu hulitumia wanapomsema jirani, na umweleze mhojiwa mapema, tena kwa kurudia, kwamba huna uwezo wowote juu ya safari yake. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inawatambulia haki ya kufanya kazi, lakini nilikutana na wengi ambao bado walikuwa wakisubiri hati, na kusubiri huko kulikuwa ndani ya kila jibu walilonipa.

Siku ya kuitetea tasnifu, jopo lilinitaka niondoe maneno "mawazo mingi" kwenye kichwa, kwa hoja kwamba upatanisho wa kisarufi ni "mawazo mengi", na kwamba istilahi ya kitaaluma ipo. Nilieleza kwa karibu nusu saa kwamba "mingi" ndiyo inayotumika Bukavu na Uvira, miji ya huko Kivu, na kwamba mama akisikia "mengi" kutoka kwangu anajua anazungumza na ofisi, ila akisikia "mingi" anajua anazungumza na mtu aliyemsikiliza. Walinirudishia marekebisho mengine manne, nami niliyafanya yote. Kichwa kilibaki.