Basi

Leo siku ya sita tangu Baba, baba mkwe wangu, aseme "Basi", na mimi bado nalitafuna.

Alisema hilo tu. Akageuka, akarudi kwenye kiti chake chini ya mwembe, akawasha redio. Nikabaki nimesimama na beseni mkononi, maji ya jiki yananichuruzikia mpaka kwenye kanga. Nikiwasimulia wenzangu kazini wanacheka. "Basi tu? Kwani amekutukana?" Hajanitukana. Angenitukana ningelala.

Wale wa siku nyingi mnalijua bwawa letu la hapa Goba: mita 3 kwa 2, kina sentimita 80, lita 4,800 likijaa. Mnajua vifaranga 150 vya sato viliingia lini, mnajua Baba Tumaini alivyosema angalau Feri samaki wanauzwa wakiwa wamekwisha kufa, huna haja ya kuwaua mwenyewe. Na lile chujio nililisimulia nilipoanza kulijenga. Habari ya nyavu ndiyo sikuwaambia.

Baba mkwe alikuwa anakuja kliniki ya macho. Kabla hajasafiri alinipigia, kama kawaida yake, kuuliza nahitaji nini kutoka nyumbani, nami kwa utani nikamwambia sitaki dagaa wala viazi safari hii, nataka kitu kisichooza, chenye nyuzi nyingi, cha kujaza kwenye pipa. Hakuuliza mara mbili. Alitoka Ukerewe na kiroba cha nyavu kuukuu za nailoni, nyavu alizovulia mwenyewe, akavuka nacho toka Nansio mpaka Mwanza, akapanda nacho basi mpaka Dar (hata hilo nalo basi, jamani, siku hizi kila kitu kwangu ni basi). Kisha akakaa chini ya mwembe siku mbili, anakata, anakunja, anafunga vifurushi vya ukubwa wa kichwa cha mtoto. Jicho la kulia halioni vizuri, lakini fundo halikumshinda hata moja. Anaangalia barabarani, vidole vinafunga. Nilihesabu vifurushi 38.

Pipa lenyewe ni lile la bluu la lita 200. Fundi alitoboa chini akaingiza bomba la inchi moja na nusu. Maji yanatoka bwawani kwa pampu ya lita 3,000 kwa saa, yanapita kwanza kwenye pipa dogo yakiingia kwa ubavu ili yazunguke na kinyesi kitulie katikati, kuna koki ya kukifungulia. Kisha yanaingia pipa kubwa kwa chini, yanapanda taratibu kupitia nyavu za Baba, halafu kupitia vifuniko vya chupa za soda ambavyo Tumaini aliviokota grosari mpaka mama muuza akadhani mtoto ana shindano. Mwisho yanarudi bwawani kwa kuanguka, kama urefu wa mkono, yakamate hewa. Juu kabisa nimeweka mfuko wa makombe ya chaza, kwa sababu hawa wadudu wakifanya kazi maji huelekea uchachu, na makombe huyarudisha.

Hawa wadudu ndio kisa chote. Nilimweleza Baba siku ile pipa lilipoanza kufanya kazi. Samaki akila hutoa amonia, nyingi kupitia matamvua, na amonia inamrudia mwenyewe kama sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza iwe nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti iwe nitrati, na hiyo ndiyo ninayomwagilia matembele. Hawaishi wakielea tu majini. Wanataka mahali pa kujishikiza, ndiyo maana ya nyavu. Na wanazaliana kwa uvivu ajabu: wale wa tumboni, E. coli, wakipata raha hujigawa kila dakika 20, hawa wanaweza kuchukua siku nzima. Ndiyo maana chujio jipya husubiriwa wiki nne, tano, sita. Chuoni hatukuwahi kuwaotesha, hawataki sahani zetu zenye supu ya nyama. Winogradsky, yule Mrusi aliyewatenga mwaka 1890, ilimbidi awatengenezee chakula kisicho na nyama wala sukari ndipo wakakubali.

Baba alisikiliza yote, kichwa kimeinama upande wa jicho zima. Halafu akasema, "Kwa hiyo ule utelezi ndio vibarua."

"Ndiyo, baba."

"Na mshahara wao mkojo wa samaki."

Si mkojo hasa, lakini nikaacha. Tukacheka. Sikumbuki kama tumewahi kucheka pamoja namna ile, miaka kumi na saba niko kwenye ukoo huu.

Sasa Jumamosi. Maji yalikuwa yanadondoka badala ya kumiminika, nikafungua pipa. Utelezi wa kahawia umejishika kwenye kila uzi, mzito kama uji wa ulezi uliopoa. Ulinuka udongo baada ya mvua, wala haukunuka uozo. Wiki ya tano hiyo, kipimo cha amonia njano safi kwa siku nane mfululizo, chujio limekomaa. Nilipaswa kufanya nini? Kuchukua ndoo ya maji ya bwawa lenyewe, kutikisa vifurushi vichache mle, kuvirudisha. Dakika kumi.

Lakini mikono yangu ni ya maabara. Miaka kumi na minne kila jioni nachanganya sehemu moja ya jiki na sehemu sita za maji, napangusa meza. Utelezi ni adui. Mikono iliona utelezi, ikaenda stoo. Naapa kichwa hakikuwepo. Nilivitoa vifurushi vyote 38, na vifuniko vyote, nikaloweka, nikasugua kwa brashi ya kufulia, nikasuuza kwa maji ya bomba mara nne (hayo nayo yana klorini, ukitaka kujua ukamilifu wa kazi yangu). Vikatoka vyeupe. Nikaona fahari! Nilivipanga kwenye ukuta vikianikwa kama nguo za sikukuu.

Baba akaja na fimbo yake. Akasimama. Akagusa kimoja, akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Umezifua?"

"Nimezifua, baba. Kwa jiki. Zimetakata."

Akakigusa tena kile kile.

"Basi."

Niliijua maana ya nilichofanya kama nusu saa baadaye, nikiwa naosha beseni. Nilikaa chini sakafuni pale pale uani.

Tangu hapo nalipindua. Kuna basi ya kumwambia mtoto aliyemaliza kuhesabu, sawa, umeweza, kacheze. Inawezekana ilikuwa hiyo. Mvuvi maisha yake yote anatoa utelezi kwenye nyavu na kuzianika mchangani, nani kama yeye atapenda wavu uliotakata? Nikilala na hiyo nalala dakika ishirini. Halafu nakumbuka alivyokigusa mara ya pili, na inakuja ile basi nyingine, ya msibani, anayoambiwa mtu aliyezidisha kilio. Basi, mama, basi, imeshakuwa. Na sauti ilishuka mwishoni au haikushuka? Jumapili kanisani nilikuwa najaribu kuitamka kimoyomoyo kwa sauti yake, kushuka, kutoshuka, mpaka jirani akanipisha akidhani nataka kutoka.

Na kumuuliza siwezi. Baba mkwe humuulizi "ulimaanisha nini". Angekuwa baba yangu mzazi ningemfuata chini ya mwembe nikamwambia wee mzee, sema. Huyu ananiita Mama Tumaini, nikimpelekea chai napiga goti, ananiambia marahaba, tumemaliza. Miaka kumi na saba ya adabu nzuri, na hakuna hata upenyo wa kupitisha swali la maneno mawili.

Wiki hii Baba Tumaini kapata barua ya uhamisho wa Dodoma na Tumaini kapata daraja la kwanza kwenye mtihani wa utamilifu. Tumefurahi, tumechanganyikiwa, tutaongea.

Jumatatu sato walikuja kula wakijivuta. Nikapima: matone nane ya chupa ya kwanza, nane ya pili, tikisa, subiri dakika tano. Njano ikapita kijani kibichi ikatulia kwenye kijani ya kisamvu, kama miligramu 4 kwa lita. Hesabu inakubali kabisa. Nawapa kama gramu 260 za chakula kwa siku, na bila vibarua amonia yake yote inabaki majini. Nikasimamisha chakula, nikamwaga theluthi ya maji, nikajaza kutoka kwenye tangi niliyoiacha wazi siku mbili. Watano walikufa. Jumanne tukashinda kliniki, presha ya jicho imeshuka kidogo, tuliporudi wawili wengine. Usiku umeme ukakatika, pampu kimya. Nikasema sasa ndiyo mwisho, nikameza panadol, nikalala kwa hasira.

Saa kumi na moja alfajiri nikasikia maji.

Sauti ya maji yanayoanguka, kisha kimya, kisha yanaanguka. Nikadhani umeme umerudi, lakini taa hazikuwaka. Nikatoka na tochi ya simu. Baba amekaa kwenye stuli ya jikoni pembeni ya bwawa, suruali imekunjwa mpaka magotini, ana lile jagi kubwa la plastiki la kijani. Anachota, ananyanyua mpaka juu ya kichwa, anamimina polepole. Anachota tena. Samaki wote wamejikusanya pale maji yanapoangukia, midomo juu, inafunguka na kufunga. Sijui alianza saa ngapi. Shati lilikuwa limeloa mgongo mzima.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Lete jagi lingine, hili linachelewa."

Sikupata jagi, nikaleta sufuria la ugali. Tukawa tunapokezana, lake likishuka langu linapanda. Hatukuongea. Muadhini aliadhini, jogoo wa jirani wakaamka, mbingu ikaanza kuwa rangi ya maziwa. Mabega yangu yaliwaka moto, lake halikutetemeka hata mara moja, mzee wa miaka sabini na tatu. Nilijaribu kuliandaa neno la samahani kuhusu zile nyavu. Nilikuwa nimefika kwenye "baba, zile nyavu..." ndani ya kichwa tu, ndipo yeye, bila kugeuka, akasema:

"Vibarua bado hawajaripoti?"

Nilicheka mpaka nikadondosha sufuria bwawani. Samaki wakatawanyika wote. Yeye alicheka kwa mabega, bila sauti, na akaendelea kumimina.

Kwa hiyo alijua. Au alijua baadaye, alipoona samaki wanafia juu. Au hata Jumamosi alijua na bado ile basi ilikuwa ya kunipumzisha. Ona sasa, nimeanza tena. Ila safari hii nikianza sitokwi jasho.

Umeme ulirudi saa moja asubuhi. Jioni nikaenda Bunju kwa yule rafiki yangu mwenye mabwawa mawili ya kambale, akanipa ndoo ya vifuniko vyake vyenye utelezi wa mwaka mzima, tumevifunika na maji yake yale yale ili visikauke njiani. Najua ninaingiza na vijidudu visivyoalikwa, nimejadili na nafsi yangu kitaalamu, nimeshindwa. Baba alivipokea kwa mikono miwili, akawa anachomeka kimoja kimoja katikati ya nyavu zake. Nimeweka na chumvi, kilo moja kwa kila lita elfu, maana nikitoka kwenye amonia nitaingia kwenye nitriti, ile inayozuia damu ya samaki kubeba hewa mpaka matamvua yanakuwa kahawia. Waliokufa wote ni 11. Leo asubuhi kipimo hakijawa njano, lakini kijani imepungua ukali, ni kama majani ya muhogo machanga. Wamekula kidogo.

Baba anaondoka Alhamisi ijayo. Ameniuliza kama nitahitaji nyavu nyingine.

Zawadi, msichana wetu wa kazi, aliomba siku mbili akamwone mama yake Korogwe, akaondoka Jumapili. Leo Ijumaa. Simu yake inaita mpaka inakata yenyewe, na nilipompigia yule shangazi yake wa Mbezi akasema hakujua kama mama mtu anaumwa.