Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Sauti za Linux, Mwembe Tayari, Mombasa

Saa 2:00 asubuhi

Nafungua duka, nawasha feni, nakunywa chai kwa mahamri na mbaazi huku nikiangalia kazi zilizolala mezani. Leo karibu zote ni za aina moja: kompyuta za Linux, mfumo endeshi kama ilivyo Windows, zisizotoa sauti. Wenyewe huja wameshaambiwa kadi ya sauti imekufa wanunue nyingine, au mfumo mzima ufutwe uwekwe upya. Mimi sigusi kitu kabla sijaiuliza mashine inaona nini.

Saa 2:45

Anaingia mama mmoja, mwalimu wa madrasa, laptopu imo kikapuni.

"Mwanangu, fundi wa mtaani kwetu kasema hii haina dawa. Na mimi ndiyo nisomesheayo tajwidi mtandaoni. Bila sauti nitasomesha nini?"

"Haina neno, mama. Keti kwanza."

Kwenye mipangilio ya sauti pameandikwa jina moja tu, Dummy Output. Maana yake mfumo haukupata kadi hata moja, ukajiwekea ya bandia ili programu zisikwame. Nafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, naandika `lspci -nnk` inayoorodhesha vifaa vya mashine. Kifaa cha sauti hiki hapa, namba 8086:9dc8. Hiyo 8086 ni namba ya Intel, na 9dc8 ni ya kifaa chenyewe. Basi kadi ipo na bodi inaiona. Naendelea na `sudo dmesg | grep -i sof`, kusoma kumbukumbu za mfumo, na jibu liko wazi: faili iitwayo sof-cnl.ri imeombwa, haikupatikana, kosa -2. Kwenye Linux, -2 ni kwamba faili haipo.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni hupitisha sauti kwenye kichakataji kidogo kilichomo ndani ya chipu kuu, hasa zikiwa na maikrofoni za ndani za kidijitali. Kichakataji hicho hakianzi kazi mpaka kipewe programu yake, yaani fimwea, na kwa hizi za Intel ni Sound Open Firmware. Draiva, programu ya kuendesha kifaa, imo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, lakini fimwea huja kwenye kifurushi chake peke yake. Kwa Debian, moja ya aina za Linux, kifurushi hicho ni firmware-sof-signed, na tangu toleo la 12 la mwaka 2023 kimo kwenye sehemu ya non-free-firmware. Naweka, nawasha upya, naandika `aplay -l`. Kadi imetokea na vifaa vyake vyote. Mama anafungua kisomo, sauti inajaa duka, naye anaanza kuniombea dua hata kabla sijafunga terminali.

Saa 5:00

Kijana wa studio ya kaswida kutoka Majengo. Kompyuta yake ya mezani ina sauti kwa hesabu za mfumo, ila spika kimya. Hii ni nyepesi: sauti inakwenda HDMI, waya wa skrini, na skrini yenyewe haina spika. `wpctl status` inaonyesha nyota, alama ya tokeo lililochaguliwa, imekaa mbele ya HDMI. Nachukua namba ya tokeo la analogi, lile la spika, `wpctl set-default`, imekwisha.

Ila nilikuta ameshajaza mistari ya `options snd-hda-intel model=` aliyonakili kutoka huku na kule. Jambo hili linaniuma kweli. Mstari ule huiambia draiva ichukulie kodeki, chipu ya sauti, imeunganishwa kwa namna fulani; ukiweka wa mashine ya mtu mwingine, unaweza kuipoteza hata maikrofoni iliyokuwa inafanya kazi. Nimemfutia yote.

Saa 6:45 mchana

Swala, kisha viazi vya karai na ukwaju.

Saa 8:30

Kazi yangu ya pwani hasa. Laptopu ya mzee mmoja wa Mji wa Kale, nyumba inayotazama bahari. Ukichomeka spika za masikioni, sauti ipo, ukizichomoa, kimya. Draiva haina kosa. Naandika `amixer -c 0 contents`, natafuta Headphone Jack: imeandikwa on, na tundu liko tupu! Hewa ya chumvi imekula vibati vya ndani, kodeki inadhani kuna kitu kimechomekwa, inazima spika. Ndani ya `alsamixer` nabonyeza F6 kuchagua kadi, nashusha Auto-Mute Mode, ile inayozima spika yenyewe, iwe Disabled, na spika zinasema pale pale. Lakini kuishia hapo si kumaliza kazi. Nasafisha tundu kwa spiriti ya asilimia 99 na kijiti chembamba, naacha likauke, naangalia tena: off. Ndipo narudisha Auto-Mute kama ilivyokuwa.

"Nilikuwa nishaweka pesa za kadi," mzee ananiambia.

"Ziweke tu, baba. Nunua kifuniko cha kuizuia chumvi."

Saa 11:15 jioni

Simu kutoka Malindi. Kijana anataka kufuta mfumo usiku huu huu, kadi haionekani. Nimemwomba anitumie kwanza matokeo ya `lspci -nnk` na yaliyomo kwenye /etc/modprobe.d, folda ya mipangilio ya draiva. Yamefika nikiwa nafunga duka: kifaa kipo, ila hakuna draiva iliyokishika, na kwenye faili moja mna mstari `blacklist snd_hda_intel`, unaoizuia draiva ya sauti isipakiwe. Nimemwandikia aufute, kisha aipakie kwa `sudo modprobe snd_hda_intel`. Baada ya dakika chache amenitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake muziki unapiga.