Daftari la chini ya meza

Duka langu lipo Wete, Pemba. Nauza mchele, sukari, sabuni, na, kwa kijiko, rangi za ukili, ule mkanda unaosukwa kisha ukashonwa kuwa mkeka. Chini ya meza lipo daftari la madeni, na mimi nikisikia watu wanasema pesa wanazopewa wazee na Serikali zinafunza uvivu, hulikumbuka hilo.

Kabla ya 2016, jirani yangu Bi Mkubwa alikuwa na kurasa mbili peke yake. Si kwamba alikaa bure. Kusuka hajaacha tangu msichana. Ila ukindu, yale majani ya kusukia, alikopeshwa na mfanyabiashara mmoja, na huyo aliyemkopesha ndiye aliyempangia na bei ya mkeka. Akishakatwa deni, mkononi hakibaki kitu. Siku moja alinionesha kidole gumba kilichopasukapasuka, akaniuliza, "Mwanangu, hii si kazi?"

Aprili ya mwaka huo Serikali ya Zanzibar ikaanza Pensheni Jamii: mzee aliyetimiza miaka 70 apate shilingi 20,000 kila mwezi, awe alikuwa karani au mkulima wa muhogo. Miezi ya mwanzo Bi Mkubwa alinunua chakula, akapunguza deni langu kidogo kidogo. Kisha asubuhi moja nikamwona anapita na furushi la ukindu kichwani. Kaununua mwenyewe, taslimu. Mkeka ule aliuza kwa aliyemtaka yeye.

Siku hizi pensheni ni 50,000. Macho yake yamepungua, kwa hivyo barazani wapo wasichana wawili: mmoja anachana ukindu na kuutia rangi, mwengine anasuka ukili na kulipwa kwa pima. Yeye anashona. Jioni wasichana wanakuja kwangu kununua unga, na asubuhi pesa hiyohiyo nampa muuza samaki.

Ndiyo maana naumia nikisikia pesa hizi zinafunza uvivu. Uvivu gani, kwa mtu wa miaka 70 na kitu? Nyumba ya nyuma yupo mzee asiyeweza hata kukaa; zake zinaishia kwenye dawa na uji. Naye ni haki yake vilevile. Tena hazitoshi, Serikali izitazame upya.

Ijumaa Bi Mkubwa alikuja kuchukua rangi nyekundu na zambarau. Aliweka pesa mezani kwanza, ndipo akaniuliza kama binti yangu aliyemaliza skuli ana kazi. Anaanza Jumatatu.