Ofisi mpya imefunga poti 22, nilivyofanya mpaka git push ikakubali

Tulihamia ofisi mpya hapa Dar, jengo la kishua, AC inagandisha watu, intaneti ndo usiseme, video hazikwami, mikutano ya Zoom inateleza, ila ukiandika git push (amri ya kupeleka code zako GitHub, ghala la code mtandaoni) unakaa unakodolea macho skrini. Hakuna kinachosogea. Inapita kama dakika mbili hivi halafu ndo inakutemea hii:

ssh: connect to host github.com port 22: Connection timed out
fatal: Could not read from remote repository.

Please make sure you have the correct access rights
and the repository exists.

Sasa hapa ndo wengi wanapopotezwa, maana jicho linaenda kwenye ile sentensi ya mwisho inayoongelea ruhusa na kama repo (ghala la mradi wako) ipo, mtu anaanza kuhangaika na funguo za SSH (ile njia salama ya kuongea na seva, ufunguo ndo unakutambulisha), anafuta wa zamani, anatengeneza mpya, anaenda kuupesti kwenye akaunti, akirudi hali ni ileile. Dogo wa meza ya jirani alikuwa ashaanza kuandika ssh-keygen, nikamwambia we acha kwanza. Yale maneno ya mwisho git huwa inayatoa kila SSH ikifeli, iwe kosa ni la ufunguo au mtandao haupo kabisa. Habari yenyewe iko mstari wa kwanza, kwamba poti 22, yaani mlango wenye namba ambao SSH huutumia kwa kawaida, haikujibu.

Na mstari wa kwanza usomwe vizuri maana kila kosa lina mambo yake. Ichukulie kama unapiga hodi kwa mtu. Timed out ni umepiga hodi mpaka umechoka na hakuna hata aliyekohoa, maana yake pakiti zako (vipande vya data) kuna mtu anazimeza njiani kimyakimya, na mara nyingi huyo ni fayawoli, mlinzi wa mtandao anayeamua kipi kipite. Connection refused ni umejibiwa hapohapo kwamba hapa huyo mtu hayupo, yaani mashine ipo ila kwenye hiyo poti hakuna programu inayosikiliza, au kuna kifaa njiani kimekukatalia. Could not resolve hostname hiyo hata nyumba hujaiona, ni DNS, ile inayogeuza jina la seva kuwa anwani yake. Halafu kuna Permission denied (publickey), ambayo watu wanaiogopa kuliko zote wakati kimtandao ndo nzuri, maana umeshafika mlangoni na umefunguliwa, ila hawakutambui. Hapo ndo uanze kuhangaika na funguo, kabla ya hapo unajichosha bure.

Ya kwangu ilikuwa timed out, so nikaachana kabisa na habari za ufunguo. Nikawasha hotispoti ya simu, git push ikaenda fasta. Basi, GitHub mzima, ufunguo mzima, laptop nzima, shida ni mtandao wa jengo. Nikarudi kwenye waifai ya ofisi nikapima poti mojamoja kwa nc, amri ndogo ya kujaribu kama poti iko wazi:

nc -vz github.com 22
nc -vz github.com 443

Ya kwanza ikaganda, ya pili ikajibu hapohapo succeeded. Maana 443 ndo poti ya tovuti zote za https, ukiifunga hiyo watu wataandamana. Kidokezo kidogo, ukiwa unapima kwa ssh usisubiri zile dakika mbili kila mara, weka -o ConnectTimeout=10 uokoe muda.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba GitHub wana mlango wa pili wa SSH, uko kwenye poti hiyohiyo ya 443, ila jina la seva ni lingine. Unapima hivi:

ssh -T -p 443 git@ssh.github.com

Ukiona Hi na jina lako halafu successfully authenticated, umepona. Ile sehemu ya mwishoni inayosema does not provide shell access isikutishe, ndo inavyotakiwa iwe. Sasa ili usibadilishe anwani ya kila repo, fungua faili la ~/.ssh/config (kama halipo litengeneze) uandike:

Host github.com
    HostName ssh.github.com
    Port 443
    User git

Wa Windows mkae macho na Notepad, inapenda kupachika .txt mwishoni mwa jina, na faili likiitwa config.txt SSH hailioni wala haikwambii chochote. GitLab nao wanao mlango kama huo, altssh.gitlab.com, na Bitbucket ni altssh.bitbucket.org, poti ileile.

Mara ya kwanza itakuuliza upya kama unaiamini hiyo seva, maana kwake hilo ni jina geni. Usibonyeze yes kama unafukuzwa. Linganisha ile alama ya SHA256 na zile GitHub walizoziweka kwenye kurasa zao za msaada, ya ed25519 inaanza na +DiY3wvv. Uko kwenye mtandao wa watu wenye kifaa kinachochungulia mambo, lazima ujue unaongea na nani. Kuna wanaokumbuka Machi 2023 GitHub walipobadilisha ufunguo wao wa RSA, watu wakaamka na lile onyo kubwa la REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED. Siku ile lilikuwa la halali, siku nyingine linaweza lisiwe.

Baadaye nilimfuata jamaa wa mitambo.
"Kaka, poti 22 mmeifunga?"
"Mkubwa, tumefunga zote, tumeacha za kuperuzi tu. Andika barua tutaangalia."
Barua niliandika. Majibu bado, ila kazi inaenda.

Kama hata huo mlango wa 443 umezibwa, maana kuna fayawoli zinachungulia mpaka ndani zikijua hii ni SSH sio tovuti, hamia https kabisa:

git config --global url."https://github.com/".insteadOf git@github.com:

Ikikuuliza nywila, weka tokeni (nywila maalum unayoitengeneza kwenye akaunti yako ya GitHub). Nywila ya akaunti haikubaliki tangu Agosti 2021.

Nyumbani nina kesi tofauti kabisa, huko naunganika vizuri ila nikikloni (kunakili nzima) repo kubwa kwa bando la simu inafika katikati inakata, fatal: early EOF. Kinachouma ni kwamba git clone haiendelei ilipoishia, inaanza moja, na MB zako ndo zimekwenda. Siku hizi nachukua komiti (toleo lililohifadhiwa) ya mwisho tu kwa git clone --depth 1, halafu historia naivuta kidogokidogo kwa git fetch --deepen=100, ikikatika nakuwa nimepoteza hako kakipande tu. Nikishapata waifai ya maana ndo napiga git fetch --unshallow kuvuta historia yote iliyobaki. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ikawa inachechemea Tanzania, Kenya mpaka Uganda, na wakati kama huo hakuna poti wala config itakayokusaidia, fanya komiti zako kwenye mashine, upushi mambo yakitulia.