Mpiga ngoma aliye nyuma gizani

Glasgow, Alhamisi usiku, mwezi wa Novemba

Nimerejea nyumbani saa sita kasorobo, koti limelowa mvua na masikio bado yanavuma, na kabla sijavua viatu nimekwisha kuchomoa kadi ya kamera na kuanza kuzitazama picha. Ni 214. Najua tangu sasa kwamba nyingi nitazifuta, kwa sababu karibu nusu ya onyesho taa za jukwaani zilikuwa nyekundu tupu, na wekundu huo huumeza uso wa mtu hadi pua na mashavu yakawa bapa moja lisilo na kivuli. Zitakazosalimika nitazigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, kwani hapo angalau macho hurudi mahali pake.

Onyesho lilikuwa King Tut's Wah Wah Hut, katika mtaa wa St Vincent, ukumbi wa ghorofani uliofunguliwa mwaka 1990 na unaochukua watu 300 tu. Ngazi za kupandia zimeandikwa miaka na majina ya bendi zilizowahi kupiga humo, hata mtu huyakanyaga majina ya wakubwa kabla hajasikia noti ya kwanza. Ni humo Alan McGee, aliyekulia Glasgow na aliyekuwa na lebo ya Creation, yaani kampuni ya kutoa muziki, alipowasikia bendi ya Oasis mwezi wa Mei 1993 akaamua kuwachukua, na wageni wengi hupanda ngazi hizo kwa ajili ya hadithi hiyo. Mimi huenda kwa ajili ya bendi ya kwanza ya usiku, ile inayopanda jukwaani saa mbili na nusu wakati waliofika hawajatimia hamsini na wengine bado wanatafuta pa kutundika makoti.

Leo bendi hiyo ilikuwa ya vijana wanne, na mpiga ngoma wao alikuwa msichana. Katika bendi changa, mpiga ngoma ndiye asiyepigwa picha. Taa chache za ukumbi mdogo huelekezwa mbele kwa mwimbaji, naye mpiga ngoma hukaa nyuma gizani, uso ukikingwa na matoazi na vyuma vya maikrofoni. Nilijibana pembeni, kati ya ukuta na spika, nikaifungua lenzi hadi f/1.8 ili iingize mwanga mwingi, nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200, nikaweka kasi ya 1/200 ya sekunde, kisha nikasubiri. Fleshi siitumii kamwe, maana kummulika mtu machoni katikati ya wimbo wake ni kumkatiza. Toazi likipigwa huyumba, na linapoinama uso ulio nyuma yake huonekana kwa muda mfupi sana kabla halijainuka tena. Katika mwanya huo ndipo nilipoona kwamba vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimefungwa plasta, na kwamba alikuwa akiimba kila neno la kila wimbo, ingawa mbele yake hapakuwa na kipaza sauti cha kuimbia. Hakuna mtu ukumbini aliyemsikia. Nimezirudia picha hizo mara tatu usiku huu, na kila mara mdomo wake uko wazi kwenye neno lile lile analoimba mwenzake wa mbele.

Nilikumbuka nembo ya Postcard, lebo iliyoanza kutoa santuri za bendi ya Orange Juice mwaka 1980 kutoka nyumbani kwa Alan Horne, hapa hapa Glasgow: paka anayepiga ngoma. Bendi nyingi ninazozipiga picha zinafuata njia ile ile ya kujitegemea, na bendi ya Mogwai, ya hapa hapa Glasgow, ilionyesha mwaka 2021 inakoweza kufika, pale albamu waliyoitoa kwa lebo yao wenyewe, Rock Action, iliposhika nafasi ya kwanza katika chati ya albamu ya Uingereza nzima. Lakini kati ya ukumbi ule mdogo na nafasi ile kuna safari ndefu ya magari ya kukodi na petroli ya kuchangishana. Kwetu Tanga mwimbaji wa taarabu hutunzwa hadharani, mtu akainuka kwa madaha na noti mkononi. Hapa utunzaji hufanyika kimya kimya kwenye meza iliyo karibu na mlango, kwa kununua fulana au santuri. Nimenunua fulana. Sikuihitaji, lakini sioni haki kuondoka na picha 214 za watu bila kuwaachia kitu.

Miaka yangu ya kwanza sikuwa na adabu hii. Usiku mmoja, katika ukumbi mwingine mdogo wa mjini, niliinua kamera juu ya kichwa kwa nyimbo nne mfululizo, mpaka mama mmoja wa makamo akanigusa bega na kuniambia kwa upole kwamba ametoka Kirkcaldy kwa treni kuja kumtazama mwanawe akipiga besi, na kwamba tangu waanze ameona kiwiko changu tu. Nilimpisha nikiwa na aibu ambayo bado naijua ladha yake. Katika kumbi kubwa kama Barrowland mpiga picha hutengewa nafasi mbele ya kizuizi kwa nyimbo tatu za mwanzo, kisha hutolewa. Katika kumbi ndogo hakuna kizuizi wala wa kukutoa, kwa hiyo sheria hiyo nimejiwekea mwenyewe: nyimbo tatu, kisha kamera ndani ya mkoba, nami narudi nyuma kabisa karibu na fundi mitambo, ambako sauti husikika vizuri kuliko kwingine kokote. Leo niliivunja kwa wimbo mmoja, kwa ajili ya msichana yule, na nilihakikisha nyuma yangu ni ukuta mtupu.

Nimebakiza picha tisa. Ile ya toazi lililoinama nimeitumia bendi sasa hivi, bila kuipunguza kingo, plasta na mdomo vikionekana. Jibu limekuja haraka, kutoka kwake mwenyewe: anauliza kama anaweza kumpelekea bibi yake, kwa sababu katika picha zote ambazo bibi amewahi kuonyeshwa, mjukuu wake ni mikono miwili tu nyuma ya toazi.