Nimeacha kuzidharau pete za Celtics wa zamani

Msimu wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ukiisha tu lazima watu waanze kuhesabiana pete za ubingwa, Boston Celtics 18 Los Angeles Lakers 17, afu shabiki wa Lakers anakuja na hoja yake ya siku zote kwamba zile za enzi za Bill Russell, nyota wa Celtics, hazihesabiki maana ligi ilikuwa na timu nane. (Hakwambii kwamba 5 kati ya zile 17 zake zilipatikana Minneapolis, timu haijahamia hata Los Angeles.)

Hiyo hoja hata mi nilikuwa naitumia sana. Na uongo sio, 1957 wanachukua ya kwanza timu zilikuwa nane kweli. Ila timu zikiwa nane si ndo wakali wote wamebanana humohumo, unakutana na Wilt Chamberlain yuleyule mara kibao kwa msimu mmoja, vibonde wa kujipigia huwapati kirahisi. Na watu wakabeba 11 ndani ya misimu 13, nane mfululizo 1959 mpaka 1966! Bulls wa Jordan tunaowaimba kila siku walichukua tatu, wakapotea kidogo, wakachukua tatu. Siku hizi ndo kabisa, 2019 mpaka 2025 miaka saba mabingwa saba tofauti, hakuna aliyeweza kutetea hata mara moja.

Ila iliyonimaliza mimi ni 1969. Timu zishafika 14 kwahiyo ile hoja hapo haina kazi, Celtics wamezeeka, wamemaliza wa nne kanda ya Mashariki, Russell anacheza na yeye huyohuyo ndo kocha. Fainali wanakutana na Lakers yenye Jerry West, Elgin Baylor na huyo Chamberlain, inafika mechi ya saba, na inapigwa Los Angeles. Mwenye timu ya Lakers kashajaza maputo darini yaje kuachiwa wakishinda, yaani kabla mpira haujarushwa! Russell na wenzake wakayaona.

Ikaisha 108 kwa 106, ushindi wa Boston. Maputo yakabaki hukohuko juu.

West siku hiyo alifunga pointi 42, na tuzo ya mchezaji bora wa fainali, ndo ilikuwa inatolewa kwa mara ya kwanza, akapewa yeye aliyefungwa. Haijawahi kutokea tena.